Mtu wa Chokaa

Kabla rangi haijagusa ukuta, watu wa Bububu walichota mavi ya mbuzi ndani ya stesheni wiki nzima. Lile jengo lilikuwa la gari la moshi zamani, gari lililokuwa likitoka mjini likipita ufukweni mpaka hapo. Gari liliondoka, reli zikang'olewa, jengo likabaki halina mwenyewe. Likawa ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, kisha zizi, kisha choo cha kila mpita njia aliyeshikwa na haja. Harufu ya mbata iliyooza ilikuwa imeingia ndani ya mawe yenyewe. Ukisugua ukuta, ilitoka mpya.

Machano alisugua kama wengine, kitambaa kimefungwa puani, akilaani kwa sauti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, mwandishi wa vibao vya maduka, mwenye shingo ngumu na ulimi mkali. Mashairi alijifunza peke yake. Hakufundishwa na mtu kuhesabu mizani. Alihesabu kwa vidole juu ya paja lake, akitembea, akila, hata msikitini, Mungu amsamehe. Na alijua kwamba anajua. Hilo ndilo lililowaudhi watu.

Ilikuwa inakaribia sherehe ya mwaka wa saba wa Mapinduzi, na kamati ya sherehe ya hapo mtaani ilikuwa imeamua kwamba stesheni ipambwe kwa picha, na picha zichorwe na watu wenyewe. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha ukuta. Machano alichora kwa mkaa, nyumba ikajaza kwa rangi iliyoweza kuipata: udongo mwekundu, masizi ya chungu, bizari, nili ya kufulia. Picha ilikuwa moja tu, ndefu, kutoka pembe hadi pembe: gari la moshi linawasili Bububu na watu wanaligombania.

Wazee walitoa sharti. Kiumbe chenye roho hakichorwi uso. Kwa hiyo watu wote ukutani walikuwa hawana macho wala mdomo, na kila nyumba ilibidi imtambulishe mtu wake kwa njia nyengine. Bi Kazija, muuza mandazi, alijichora na tenga kichwani na makalio ambayo, kwa kweli, alijiongezea.

"Bi Kazija, gari litakosa nafasi!" walimwambia.

"Ukuta wangu, rangi yangu, makalio yangu. Nyie mnaumia wapi?"

Machano alicheka siku zile. Aliwapenda watu wale siku zile.

Mahala pa katikati, juu ya tao la mlango mkubwa, hapakuwa na mwenyewe. Machano akapachukua. Akachora mlango wa behewa, na mlangoni akamchora mtu mwenye kanzu na kofia, amesimama bega la kushoto limeshuka, mkono wa kulia ameunyoosha nje kumvuta mwanamke mwenye kikapu. Hakuwa na uso, lakini mtu yeyote wa Bububu aliyefika umri wa kuwa na mjukuu alimjua papo hapo. Alikuwa ni Suud wa Zahor, mkata tiketi, aliyekuwa akiwavuta watu ndani hata kabla gari halijasimama sawasawa, mwenye tiketi na asiye nayo. Alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Mjane wake, Bi Tamima, aliishi nyumba ya nyuma ya kisima, na hakuna aliyempelekea habari za kipande cha ukuta. Siku zile mwenye jina la Kimanga, la Waarabu wa Omani, alipita kando ya njia na hakuuliza kwa nini amesahauliwa.

Machano alimwendea mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Tamima."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Nimemtia Bwana Suud ukutani. Pale katikati."

Bi Tamima alishusha ungo wa mchele aliokuwa akichagua. "Usinitie mashakani, Machano. Mie nimekaa kimya, acha nikae."

"Hatoki pale. Mie nimesema."

"Wewe ni nani hata useme?"

"Mie ndiye niliyemchora," alisema Machano, na kifua kikamjaa. "Nakuahidi. Atakayemgusa atanigusa mie."

Jioni Bi Tamima alikuja amejifunika buibui. Alisimama mbele ya ukuta mpaka Machano akaanza kuona haya. Mwisho alisema, "Bega." Akasogea karibu zaidi. "Bega limekaa kama lake."

Chini ya picha, ukutani kando ya mlango, Machano alikuwa ameandika beti moja kwa rangi nyeusi, herufi nene za kibao cha duka. Bi Tamima alisoma Kiarabu tu. Herufi zile zilikuwa ngeni kwake. Akaomba asomewe. Machano akasoma:

*Lilipita hapa gari, likinguruma njiani,*
*Na mtu kwa uhodari, kasimama mlangoni,*
*Akitupokea heri, kwa mkono wa yamini,*
*Masikini na tajiri, wote kawatia ndani.*

"Nisomee tena," alisema. Akasomewa tena. Tangu hapo alikuja kila asubuhi akirudi dukani, akamsimamisha mtoto yeyote wa skuli aliyepita, akasema, "Hebu nisomee hapa, baba." Watoto wakamsomea wakikimbia.

Asubuhi ya sherehe Bwana Kificho alikuja kukagua. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, na shati lake la kijani lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa na tabia ya kutafuna karafuu ili mdomo unukie, na kuitema hapo alipo. Alipita ukutani taratibu, watu wakimfuata nyuma, akasifu hiki, akakitomasa kile kwa kidole. Kwa Bi Kazija alicheka mpaka akashika tumbo. Alipofika katikati kicheko kikakatika.

"Huyu nani?"

"Mtu," alisema Machano.

"Mtu gani? Bega hilo nnalijua."

"Kama unalijua, waniulizia nini?"

Kificho akatema karafuu. "Wageni wanakuja alasiri, kutoka mjini. Wakute Bububu wamemtundika Mmanga katikati ya ukuta, juu ya mlango? Leo? Una akili, wewe?"

"Mzee wangu, mkono huo ndio uliokuwa ukikupandisha gari bure ulipokuwa huna hata kandambili. Umekwenda mjini na kurudi kwa mkono huo. Wazee wote hapa wanajua. Waulize."

Machano aligeuka nyuma ili awaulize. Mzee Duni, ambaye wiki ile ile alikuwa amesimulia mbele ya kila mtu jinsi Suud alivyomvuta yeye na mbuzi wake ndani ya behewa, alikuwa ameinama akitoa mwiba mguuni. Mwiba huo haukutoka. Bi Kazija aliutazama mnazi.

"Mfute," alisema Kificho.

"Sifuti."

"Ndugu Machano—"

"Nishasema. Sifuti. Niitie askari."

Kificho hakukasirika. Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa na chembe ya karafuu kwenye jino. "Askari wa nini? Hii ni kazi ya watu. Watu wamepaka, watu watafuta. Kila nyumba mkono mmoja. Kila nyumba, jamani, mpako mmoja tu, ili mtu asije kusema alifuta fulani." Akageuka tena kwa Machano, akamshika bega kama baba. "Beti yako ibaki. Nimeisoma. Haina jina la mtu, na ni nzuri, wallahi ni nzuri sana. Mgeni wetu ni mpenzi wa mashairi. Nitamwonyesha."

Na hapa Machano alijisikia kitu ambacho baadaye kilimtia kinyaa kuliko yote: alifurahi. Kidogo tu, sekunde moja, kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Beti yake ingesomwa na mkubwa. Alifungua mdomo kusema kwamba picha na maneno ni kitu kimoja, lisifutwe moja likabaki jengine. Akaufunga.

Ndoo ya chokaa ililetwa kutoka ndani, ile iliyobaki walipopaka vyumba. Kwanza alipita Kificho, kisha nyumba ya Mzee Duni, ambaye mguu ulikuwa umepona ghafla. Kila aliyepaka alipigiwa kigelegele na Bi Kazija, kwa mazoea, maana ndivyo walivyofanya kazi wiki zote zile: mpako na kigelegele.

Lakini kulikuwa na jambo. Kulia kwa Suud ilikuwa picha ya nyumba ya Duni, kushoto ya nyumba ya Bi Kazija. Hakuna aliyetaka chokaa imrukie mtu wake. Kwa hiyo walipaka kwa uangalifu, ndani ya mstari wa mkaa tu. Walizunguka kofia. Walifuata bega linavyoshuka. Walikwenda na mkono ulionyooshwa mpaka ncha za vidole, wakaishia hapo, wasimguse yule mwanamke wa kikapu. Hata wakati wa kumchora hakushughulikiwa hivyo.

"Taratibu, taratibu, tenga langu!" alipiga kelele Bi Kazija.

"Mpake nyote, msimwache hata kidole," alisema Kificho. Akarudi nyuma kutazama. Uso ukamkunjana. "Mbona bado yupo?"

Chokaa mbichi haina weupe. Ikipakwa ni kama maji ya mchele, kila kitu kinaonekana chini yake; inapokauka ndipo inapofunika. Hili hapana asiyelijua Unguja nzima. Hata Kificho alilijua, nyumba yake imepakwa chokaa. Lakini alikuwa na haraka na hofu, na hapana aliyethubutu kumwambia, "Mwenyekiti, subiri ikauke." Maneno hayo yangesikika kama mtu anamtetea Suud.

"Tieni tena!" aliamuru.

Wakatia tena. Nyumba zote, kwa zamu, tangu mwanzo. Suud akabaki palepale anawatazama bila macho.

"Tena! Nzito! Koroga hiyo ndoo!"

Machano alijua, naye akanyamaza. Aliegemea nguzo, mikono kifuani, akiwatazama wanavyopanga foleni mara ya tatu kumpaka maiti ambaye hakuwadai kitu. Akaona mama yake, Mwanakhamis, anaishika brashi.

"Mama! Hata wewe?"

"Nina watoto watano, na wewe mmoja wao," alisema mama yake bila kumtazama. "Nipishe, unanizuilia mwanga."

Kificho akahesabu kwa macho. "Nyumba moja bado. Nyumba ya Bi Tamima."

Watu waligeuka nyuma. Bi Tamima alikuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na mchongoma, ameshika kikapu chake cha dukani. Machano aliondoka kwenye nguzo.

"Mwenyekiti, hili usilifanye."

"Nimesema kila nyumba. Ama yeye si wa mtaa huu?" Kificho aliinua sauti. "Bi Tamima! Naam au siyo? Weye ni wa mtaa huu ama si wa mtaa huu?"

"Naam," alisema Bi Tamima. "Nnakuja."

Alikuja. Alimpa Mwanakhamis kikapu amshikie. Akakusanya buibui upande mmoja lisipate chokaa, akapanda juu ya sanduku, akaomba brashi kwa mkono wa kulia. Hakupaka haraka. Aliipitisha juu ya bega lile la kushoto, kutoka shingoni kuteremka, mara moja, kama mtu anayempangusa mwenziwe vumbi kabla hajatoka kwenda kazini. Bi Kazija, kwa mazoea, alianza kigelegele, kikamkwama kooni kikawa kikohozi.

Bi Tamima akashuka, akachukua kikapu chake, akaenda zake.

"Ahsanteni, wananchi," alisema Kificho.

Machano alikwenda nyuma ya stesheni akatapika. Hakuwa amekula, yakatoka maji matupu. Alijiambia anatapika kwa ajili yao.

Jua la Januari likafanya kazi yake. Wakati wageni wanafika, baada ya alasiri, ngoma inapigwa na watoto wamepangwa, chokaa ilikuwa imekauka mipako yote mitatu kwa pamoja. Na pale katikati, juu ya mlango, katikati ya udongo mwekundu na bizari na masizi, alisimama mtu mweupe. Mweupe wa kutia kiwi machoni. Kofia nyeupe, kanzu nyeupe, bega limeshuka, mkono mweupe umenyooka. Chokaa ilikuwa nzito hata akawa ameinuka kutoka ukutani kama mtu anayejitoa. Wengine wote ukutani walififia mbele yake.

Mgeni wa heshima, mtu mrefu mwenye miwani, hakutazama kitu chengine. Alitembea moja kwa moja mpaka chini yake.

"Hii nzuri," alisema. "Hii ni sanaa. Huyu ni nani?"

Ngoma ikawa imenyamaza kwa bahati mbaya. Machano alimwona Kificho anameza mate. Aliona jasho likichuruzika kutoka kwenye masikio yake. Kwa mara ya kwanza siku ile alisikia raha: sasa aseme. Sasa tusikie.

"Ndiye mimi, Mheshimiwa," alisema Kificho.

"Wewe?"

"Mimi, Mheshimiwa. Nikiwa kijana. Nilikuwa nafanya kazi kwenye gari hili. Nilikuwa nikiwapandisha wanyonge, wasio na tiketi. Watu hawa hawajasahau. Nimewaambia msinichore, wakakataa."

Machano aliwatazama watu. Alingoja mmoja acheke tu, kicheko kimoja kingetosha. Mzee Duni alianza kupiga makofi. Bi Kazija akafuata, na safari hii kigelegele chake hakikukwama. Kilikwenda mpaka baharini. Wote wakapiga makofi, wale wale, kwa mikono yenye chokaa kwenye kucha. Nyuma yao, kando ya mchongoma, Bi Tamima amesimama na buibui lake, hapigi makofi, halii, anatazama.

"Na maneno haya," alisema mgeni akiinama, "kayatunga nani?"

"Kijana wetu huyu," Kificho alimsukuma Machano mbele. "Kanitungia mimi. Msomee Mheshimiwa, mwanangu. Usione haya."

Machano alisimama mbele ya beti yake. Kila neno lilikuwa sawa mahala pake, mizani zimetimia, na kila neno sasa lilikuwa linanuka karafuu ya Kificho. *Na mtu kwa uhodari.* Ndoo ya chokaa ilikuwa bado pale pembeni, brashi imelala ndani yake. Aliichukua, akaichovya, akaipitisha juu ya mstari wa kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha wa pili. Kisha wa tatu na wa nne. Hakuacha herufi.

"Beti yangu," alisema, "siigawi kwa mtu asiye na haya."

Alidhani mbingu itashuka. Kificho alicheka, kicheko kirefu cha baba mwenye mtoto mtundu. "Anaitia mng'aro, Mheshimiwa. Mafundi hawa! Hawaridhiki mpaka dakika ya mwisho."

Na chokaa ilikuwa mbichi. Chini yake maneno yalionekana yote, yameloa, meusi kuliko kwanza. Mgeni akarekebisha miwani, akaisoma beti mwenyewe, kwa sauti nzuri iliyozoea mikutano, na alipofika *wote kawatia ndani* aligeuka akampa Kificho mkono. Makofi yakavuma tena. Kisha ikatangazwa pilau, na watu wakamwagika uwanjani wakisukumana, wale wa ukutani na wale wa chini wakafanana.

Machano alibaki na brashi mkononi, chokaa ikimtiririka kwenye kiwiko. Alimwona Bi Tamima anakuja. Alijiweka sawa. Alikuwa na hakika kwamba mtu mmoja pale alikuwa amemwelewa.

"Umeona, Bi Tamima?" alisema. "Sikukubali. Sikumwachia."

Bi Tamima alikuwa anatazama maneno. Jua lilikuwa limeshaanza kuyashika kutoka upande wa kushoto. Neno la kwanza lilikuwa limegeuka ukungu.

"Wao walinifutia sura," alisema. "Ilinibidi, nikafuta nao. Nikasema si neno, maneno yapo, nitakuwa napita asubuhi nasomewa. Haya ulilazimishwa na nani?"

"Lakini alikuwa anayachukua! Kificho anasema ni yake!"

"Kificho anasema. Mtoto wa skuli angenisomea mie, na mie nnajua ni ya nani."

Machano alitaka kusema mengi. Yote yalikuja kwa mizani, hata wakati ule, na akajichukia kwa hilo. "Nnayo kichwani," alisema mwisho. "Nitakuja nyumbani nikusomee. Kila siku ukitaka."

"Kichwani mwako wewe mna wewe," alisema Bi Tamima. Hakusema kwa hasira. "Yeye angekaa wapi?"

Akatoa leso yake kikapuni, akampa. Machano alidhani ni ya kufuta macho, lakini alikuwa anamwonyesha kiwiko, pale chokaa ilipoanza kumchoma ngozi. Kisha akapita kando ya ukuta, kando ya watu waliopanga foleni ya pilau, na Mzee Duni akamsogelea na sahani akamwita, "Bi Tamima, karibu ule," kwa sauti ya upole kabisa, na yeye akamjibu, "Nshakula, ahsante," akaenda zake nyuma ya kisima.